Majuma Matatu Tuliyonyamaza

Mama alikuwa matroni wa bweni la wasichana katika shule moja ya kimataifa mjini Moshi. Walisoma pale watoto wa madaktari, wahandisi na wataalamu waliokuja kufanya kazi nchini kwetu na katika nchi za jirani. Kazi yake ilikuwa kuona mashuka yamebadilishwa, vyandarua vimechomekwa vizuri, na mtoto mwenye homa amefikishwa zahanati mapema. Jumatatu alfajiri alishuka mjini, akalala hukohuko juma zima, na Ijumaa jioni akapanda kurudi Machame, kwenye nyumba yetu katikati ya migomba na kahawa. Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mimi, mtoto wao pekee aliyebaki nyumbani, tulizoea kujipikia.

Shule ile ilikuwa na utaratibu wa walezi. Bweni lilipofungwa kwa mapumziko ya katikati ya muhula, watoto ambao kwao ni mbali mno walipelekwa kukaa na familia zilizokubali kuwapokea. Familia nyingi zilikuwa za walimu wa Kizungu. Mwaka mmoja zilipungua, mama akaombwa. Akaja na fomu ya kurasa mbili, baba akatutafsiria mezani: mtoto awe na kitanda chake mwenyewe, maji ya kunywa yachemshwe, asitoke bila mlezi kujua anakokwenda. Mama alisikiliza kila kipengele kama anayesikiliza ahadi za ubatizo. Siku ya pili yake alipaka chumba changu chokaa na kumwagiza fundi kitanda cha pili.

Wageni wetu wa kwanza walikuwa dada wawili wa Kidenishi ambao jioni ya kwanza hawakula kitu, kwa sababu ng'ombe alikuwa akikohoa nyuma ya ukuta. Siku ya nne walikuwa wakimkatia majani. Walipoondoka mama aliwafungashia ndizi mbivu, na barua yao ya shukrani ilikaa mwaka mzima kwenye kioo cha kabati. Tulifurahi sana miaka ile. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, na kila muhula nyumba yetu ilipata mtu mpya wa kumshangaa.

Yule ninayetaka kumweleza alikuja nilipokuwa na miaka kumi na minne. Yeye alinizidi mwaka mmoja na kidogo. Wazazi wake walikuwa Wakenya. Baba yake alikuwa afisa Arusha katika ofisi za ushirikiano wa nchi zetu tatu. Ushirikiano ulipovunjika na mpaka ukafungwa, watumishi wa Kenya walirudishwa kwao. Yeye alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza masomo, na kumhamisha kungemrudisha nyuma. Baba yake akamwomba mkuu wa shule amtafutie mlezi wa kudumu, siyo wa mapumziko tu. Mkuu akamwita mama.

Wazazi walikuja naye Machame kabla hawajaondoka. Mama yake alikuwa mwanamke mrefu, mpole, aliyevaa viatu visivyofaa kwa utelezi wetu, na alikagua chumba bila kutuaibisha: aligusa blanketi, akachungulia dirisha linafungwaje, akauliza binti yake atakuwa upande upi. Kisha akamshika mama mikono yote miwili.

"Huyu hujifanya hasikii baridi," alisema. "Usimwamini."

Mama akamwambia asiwe na wasiwasi, amemwacha kwa mama mwingine. Nakumbuka walivyoshikana mikono, na mvuke wa chai ukipanda mezani, na baba zetu wakiwa nje wanazungumzia kahawa kana kwamba hakuna jambo kubwa linalotendeka.

Tangu hapo kila Ijumaa mama alipanda naye. Alilala kitanda cha dirishani, mimi cha mlangoni. Alinifundisha hesabu ambazo baba alishindwa kunielewesha. Nami nilimfundisha kumenya ndizi bila utomvu kumshika vidole, na kutembea kwenye kingo za mfereji bila kuteleza. Mtori, supu yetu nzito ya ndizi, aliupenda, kiburu alikikataa mpaka mwisho. Ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, alisema, ni chakula cha mtu asiyeweza kuamua. Mama alicheka hata akaweka mwiko chini. Baada ya miezi mitatu hivi alianza kumwita mama "Mama," bila mtu kumwambia. Sikuona wivu. Au niliona kidogo, ukaisha.

Barua ndizo zilizokuwa taabu. Moja kwa moja hazikupita. Alizoandika kwenda kwao zilizunguka: mwalimu aliyesafiri Ulaya alizichukua na kuzitia posta huko, na majibu yakaja kwa njia hiyohiyo, baada ya mwezi, wakati mwingine miwili. Hata hivyo kila Jumapili baada ya ibada alikaa kwenye kibaraza akamwandikia mama yake. Bahasha alimkabidhi mama yangu, naye Jumatatu akaipeleka shuleni.

Karibu na Krismasi ikaja barua kwamba mama yake ni mjamzito. Alikuwa mtoto wa pekee miaka kumi na mitano yote. Alisoma barua ile akiwa amesimama, akairudia akiwa amekaa, kisha akatusomea sisi. Akataka kumfumia mtoto sweta. Siku zile nyuzi hazikupatikana dukani, kama vile sabuni na sukari zilivyokuwa hazipatikani, kwa hiyo mama alitoa sweta lake mwenyewe la rangi ya maziwa, tukalifumua sisi watatu, nyuzi tukazifua na kuzikausha juani. Mama akamwanzishia mstari wa kwanza. Hakuwa na mkono wa kufuma. Kila Ijumaa mama alifumua nusu ya alichofuma shuleni juma zima na kumwonyesha tena, na kila Ijumaa wote wawili waliona ni kazi inayoendelea.

Mvua za masika zilipokolea, mitihani yake ya mwisho ikawa imebakiza majuma machache. Ijumaa moja mama alifika akiwa amelowa, akamwambia binti abadilishe nguo asije akapata mafua, akaja moja kwa moja jikoni tulikokuwa mimi na baba. Hakuvua kanga yake ya kichwani. Alizungumza Kichagga, kwa sauti ya chini, na haraka.

Alisema mama wa mtoto amefariki. Amefia katika uzazi. Baba yake ameandika, na barua imepita mkono kwa mkono kutoka Taveta, ng'ambo ya mpaka, hadi Himo, ikamfikia mkuu wa shule jana. Mazishi yamekwisha siku kumi zilizopita. Mtoto aliyezaliwa yuko hai. Na baba ameomba, akaandika ombi hilo mara mbili katika barua moja, kwamba binti yake asiambiwe mpaka amalize mitihani, kwa kuwa kumzika mama yake hawezi tena, na kuvuka mpaka hawezi, na mwaka wake huu wa shule ndicho kitu pekee kilichobaki ambacho hakijaharibika. Mkuu ameafiki. Amemwagiza mama anyamaze.

Baba aliuliza ni muda gani. Mama akasema majuma matatu.

"Na wewe umekubali?" baba akauliza.

"Ni baba yake aliyeomba," mama alijibu. "Mimi ni nani?"

Hapo ndipo mlango ukafunguliwa, na yeye akaingia na soksi kavu mkononi, akitafuta mahali pa kuketi karibu na moto. Alitutazama. Kichagga hakukijua ila maneno ya salamu. Akanikonyeza, akauliza kwa utani tunamsengenya nini.

Nikamwambia, "Wanasema ng'ombe hajala tangu asubuhi."

Hakuna aliyenituma. Maneno yalinitoka yenyewe, na baba na mama waliniangalia wote wawili, wala hawakukanusha. Yeye akaweka soksi chini akasema basi twende tukamkatie majani kabla giza halijaingia. Tukatoka pamoja, na ng'ombe, ambaye alikuwa ameshiba, akala tena.

Majuma yale matatu sikuyasahau, ingawa sasa nikiyaeleza naona hakuna lililotokea. Alikuja Ijumaa, akaondoka Jumatatu. Alisoma. Alikula. Mama alimpikia zaidi kuliko kawaida, mpaka akauliza kama tuna sherehe. Baba alianza kukaa shuleni kwake hadi jioni, akisema kuna madaftari ya kusahihisha.

Kwetu kila mlo wa jioni ulitanguliwa na sala, na baba alikuwa na desturi ya kumpa mgeni nafasi ya kuongeza neno lake. Jumamosi ya kwanza aliongeza kama alivyoongeza siku zote: akamwomba Mungu amsaidie mama yake ajifungue salama. Baba akasema amina. Jumamosi ya pili aliomba vilevile, akaongeza kwamba kama mtoto ameshazaliwa, basi mama apate nguvu upesi. Tulingoja. Amina ya baba haikuja. Nilifumbua macho nikaona anatazama sahani yake, na mama akaikamilisha sala yeye, amina, kwa sauti ya kawaida kabisa, akaanza kupakua. Usiku huo baba hakula. Juma lililofuata alisali mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, bila kumwachia mtu nafasi.

Sweta lilikwisha katika siku hizo. Mama alimsaidia kuunganisha mikono. Niliwatazama wakiwa wameinamia kitambaa kimoja, vichwa vikikaribia kugusana, na mama akimweleza kwamba shingo ya mtoto mchanga haitaki kubanwa. Yeye akauliza mtoto wa miezi miwili anakuwa na kichwa cha ukubwa gani, kwa kuwa mpaka yeye afike nyumbani atakuwa amefikia miezi miwili. Mama akamwonyesha kwa viganja vyake viwili. Kisha akasema moshi umemwingia machoni, akatoka nje.

Kitandani alipenda kuzungumza. Aliniuliza nadhani ni wa kike au wa kiume. Nilikuwa najua. Nikasema wa kike, ili nisiseme kweli.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Alhamisi. Ijumaa alipanda na mama akiwa mwepesi, amejaa habari, amekata nywele. Mama alimwacha alale. Jumamosi, baada ya chai ya asubuhi, alimwita sebuleni, akaniambia nami nikae. Baba alikuwapo, amevaa koti lake la kanisani. Mama alikaa kwenye kigoda kifupi, si kwenye kiti, hata akawa anamtazama binti kutoka chini.

"Mwanangu," alisema, "mama yako hayupo tena."

Akamweleza yote, bila kuzunguka: uzazi, hospitali, siku ya mazishi, barua ya baba yake, ambayo alikuwa nayo na akampa. Yeye aliishika hakuifungua.

"Na mtoto?"

"Yupo. Wa kiume. Mzima."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayeelezwa njia. Halafu akauliza mama alijua lini. Mama alifungua kabati, akatoa bahasha tatu, akaziweka juu ya meza. Zilikuwa barua za Jumapili tatu, zilizoandikwa kwa mama aliyekwisha kuzikwa. Mama hakuweza kuzituma, wala hakuweza kuzichana.

Binti alizihesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Akazipanga zikalingana kingo. Mpaka hapo hakuwa amelia.

"Mlinisikia nikiomba," alisema.

Baba alisimama akatoka, akaelekea migombani, na koti lake zuri, kwenye mvua.

Baadaye, chumbani, binti alikuwa amelala kifudifudi juu ya kitanda cha dirishani. Nilikaa sakafuni. Akaniuliza bila kugeuza uso.

"Na wewe ulijua?"

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Labda niliona anahitaji mtu mmoja wa kubaki naye ndani ya nyumba ile. Labda niliogopa tu. Nilisema sikujua. Akanyoosha mkono akanishika bega, akalia, kwa mara ya kwanza, nami nikalia naye, na kulia kwangu kulikuwa kwa kweli, ingawa neno langu halikuwa la kweli.

Jumapili mama hakwenda ibadani. Aliingia chumbani na jani la isale. Kwetu isale hupandwa mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo, na mtu aliyemkosea mwenzake kosa zito humpelekea jani lake. Anayepelekewa huona vigumu sana kukataa kusamehe. Mama alikuwa mwanamke wa kanisa na sijawahi kumwona akifanya hivyo kabla wala baada ya siku ile. Alisimama mbele ya kitanda, jani mikononi, kichwa ameinamisha. Binti alimtazama, akalitazama jani. Hakujua ni kitu gani. Akalipokea kwa adabu, akasema asante, akaliweka dirishani pembeni ya kitana chake. Mama alingoja kidogo, kisha akatoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningeweza kumweleza maana yake. Lakini nikianza kueleza ningeeleza mpaka wapi?

Shule ilimpatia kibali cha kuvuka. Baba yake angemsubiri upande wa Taveta. Mwalimu mmoja alitupeleka mpakani Holili kwa gari lake, mama, yeye na mimi. Kwenye kizuizi askari alisoma karatasi mara mbili, akafungua sanduku, akalifunga, akasema anayevuka ni mmoja tu. Mama alikuwa amemwandalia mengi ya kumwambia. Nilimsikia akiyarudia asubuhi alipokuwa akifunga kanga. Binti alimpa mkono.

"Asante kwa kunitunza, Matroni," alisema.

Miezi kumi hakuwahi kumwita hivyo, hata shuleni. Mama akasema haya, nenda salama, usalimie nyumbani. Mimi alinikumbatia kwa nguvu. Akachukua sanduku lake akaenda, akilibadilisha mkono kila hatua chache, kwa kuwa lilikuwa zito, mpaka akafika mahali ambapo barabara inapinda.

Mama aliendelea na kazi ya bweni miaka mingine minne, ila hakupokea tena mtoto nyumbani. Shule ilimwandikia kila muhula. Alijibu kwamba nyumba imejaa, wakati ambapo nilikuwa nimekwenda chuo na vyumba viwili vilikuwa vitupu. Baba yake binti alituandikia mara moja kutushukuru, barua fupi na nzuri, yenye anwani ya Nairobi.

Mpaka ulipofunguliwa nilikuwa nimeanza kufundisha. Nilikwenda Nairobi na kwaya ya usharika, nikaomba ruhusa ya alasiri moja, nikaitafuta anwani ile. Alinifungulia mlango mwenyewe. Alikuwa amenenepa kidogo, anafanya kazi katika ofisi ya bima, na alikuwa na urefu wa mama yake. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Aliagiza maziwa, akapika chapati, akanicheka kwa jinsi nilivyoshangaa kuona sukari tele mezani. Mdogo wake alirudi kutoka shuleni, mtoto wa miaka sita, akanisalimia, akakaa miguuni pake kufungua kamba za viatu. Alimwita dada yake "Mum." Yeye hakumsahihisha.

Mtoto alipotoka kwenda kucheza, nilijikaza. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu mpakani Namanga. Nikasema kuna jambo la siku zile nataka kumwambia. Akanikatiza kwa upole, akaweka mkono juu ya wangu.

"Najua," alisema. "Unataka kumwombea mama yako msamaha. Usijisumbue. Nilimkasirikia miaka mingi, sasa nimechoka kukasirika. Baba yangu naye nilimkasirikia. Nyinyi wote pale, mtu pekee ambaye sikupata kumkasirikia ni wewe."

Alitabasamu. Chapati zilikuwa katikati yetu, zimefunikwa kitambaa.

Sikusema. Nilikunywa chai. Alinisindikiza mpaka kituoni, tukaahidiana kuandikiana, na tukaandikiana, barua mbili au tatu, kisha zile zake nikawa sizijibu. Kila nilipokaa na kalamu nilijua sentensi ya kwanza inapaswa kuwa ipi, na sikuweza kuiandika, na bila hiyo nyingine zote zilikuwa porojo.

Niliporudi Machame mama alikuwa kibarazani anachambua maharage. Miguu ilikuwa imeanza kumsumbua na alikuwa hashuki tena mjini. Aliniuliza habari za safari, za kwaya, za bei za Nairobi. Akachambua. Akauliza kama nilimwona. Nikasema nilimwona, hajambo, mtoto amekua.

"Aliniulizia?"

Nikasema ndiyo, na amekusalimia sana. Aliinua uso akaniangalia kwa muda mrefu, na nadhani alijua, kwa kuwa alikuwa ameniona nikijifunza kazi hiyo jikoni kwake. Kisha akasogeza ungo kidogo ili nipate mahali pa kukaa, nikakaa, tukachambua pamoja mpaka ukungu uliposhuka migombani na hatukuweza tena kuona mawe.